Mbwa Aliyekatazwa Kunguruma

Clem Trewartha alihamia mtaani kwetu, hapa Polgarra, mji mdogo wa wafugaji wa kondoo, baada ya nyonga yake kukataa kabisa kupanda pikipiki ya shambani. Shamba alimuuzia jirani yake Kel Hocking, akanunua nyumba ya mawe inayopakana na yetu, akaja na vitu vilivyotosha kwenye pikapu moja: kitanda, kochi la ngozi lililochakaa, kabati la chuma la kufungia bunduki, na Nell.

Nell alikuwa jike la kelpi, wale mbwa wembamba wa kuchunga kondoo. Rangi yake ilikuwa kama ya kutu, na mdomo ulikuwa umeanza kuota mvi. Kule shambani hakuwahi kuvuka kizingiti. Huku kwetu mbwa wa kazi hulala nje kwa mnyororo, ndani ya pipa lililolazwa ubavu chini ya mpilipili, na mtu anayemwingiza jikoni huchekwa mpaka klabuni. Lakini ua wa Clem wa mjini ulikuwa wa saruji tupu, na baridi ya mwaka ule ilikuwa ya kuumiza mifupa. Jioni moja akafungua mlango wa nyuma na kumwita. Nell alisimama mlangoni akimtazama, mguu mmoja juu, kama mtu aliyeitwa ofisini bila kuambiwa kosa. Ilibidi aitwe tena. Kabla wiki haijaisha alikuwa anapanda kwenye kochi na kulaza kichwa kwenye paja la bwana wake.

Clem alikuwa mtu wa maneno machache. Mke wake, Daphne, alifariki zamani, na hawakujaliwa mtoto. Aliwahi kuniambia, tukiwa kila mtu upande wake wa ua, kwamba miaka ile baada ya Daphne ilikuwa ikipita wiki nzima hajaongea na kiumbe ila Nell. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama anavyotaja kiasi cha mvua iliyonyesha.

Ndipo akaja Merle Noske. Merle alikuwa mjane kutoka Rosenau, kimoja cha vijiji vya Walutheri upande wa kusini. Baba yake alikuwa mwoka mikate, na yeye mwenyewe alikuwa na mikono minene yenye nguvu na kicheko kilichoanzia tumboni. Walikutana kwenye chai ya mazishi ya mtu ambaye wote wawili hawakumpenda sana, na hilo ndilo lililowapa mazungumzo. Mwaka ulipogeuka, Clem, ambaye sikuwahi kumwona na shati lililopigwa pasi, alikuwa akienda Rosenau kila Jumamosi amenyoa ndevu.

Merle alikubali kuja kukaa naye, lakini kwa masharti. Nyumba yake hakuiuza wala kuipangisha. Alisema atakaa Polgarra mpaka msimu wa kukata manyoya ya kondoo, mwezi wa tisa, kisha ataona.

"Mimi si msichana wa kubebwa na upepo, Clem," alimwambia mbele yetu, siku aliyohamia. "Funguo zangu ninazo mfukoni."

"Zikae tu," Clem akajibu. "Mfuko hauna ubaya."

Baadaye, kwenye ua, aliniambia jambo ambalo najua lilimgharimu kulisema. Aliniambia kwamba Merle akiondoka hatapata mwingine, na kwamba hataki mwingine.

Merle alikuja na mbwa wake, Pip. Kilikuwa kimbwa cheupe chenye manyoya ya mawimbi, mchanganyiko wa hiki na kile, kilichozoea kubebwa mkononi, kulala kitandani na kulishwa kwa kijiko. Hakikuwa na ubaya wowote. Kilifikiri dunia nzima inakisubiri.

Mwanzoni tulicheka. Clem na Merle wakikaa kwenye kochi, Nell alijipenyeza katikati kinyumenyume, akaketi kwa uzito wake wote na kuangalia televisheni. Merle akiweka mkono kwenye bega la Clem, Nell aliusukuma kwa pua. Pip akiitwa, Nell ndiye aliyefika. Kikapu cha Pip alikilalia, ingawa nusu ya mwili ilibaki nje. Kel Hocking aliyaona hayo siku moja alipoleta kuni, na habari zikafika klabuni kabla yake.

"Una wake wawili, bwana," alimwambia Clem, watu wakisikiliza. "Na mwenye mkia ndiye mkubwa."

"Mwenye mkia hanitumi dukani," Clem akasema, na watu wakazidi kucheka. Merle naye alicheka.

Kisha Nell akaanza kunguruma. Alianza kwa chini sana, sauti ambayo ungeweza kudhani ni jokofu. Alinguruma Pip akipita karibu na miguu ya Clem. Alinguruma Merle akija na sahani upande wa kochi aliokaa Clem. Hakuonyesha meno. Aligeuza kichwa pembeni kidogo, macho yakabaki palepale, na sauti ile ikatoka.

Merle hakuchukulia mzaha tena. Aliwapakia mbwa wote wawili garini akawapeleka kwa daktari wa wanyama, binti mmoja mtulivu anayeitwa Sorrell, ambaye hufika Polgarra siku za Alhamisi. Clem alikwenda pia, kofia mkononi. Daktari aliwaeleza kwamba Nell hana roho mbaya. Ana mtu mmoja tu duniani, na sasa anaona kila siku anapunjwa kipande. Kumwadhibu kwa hofu hiyo ni kumthibitishia kwamba hofu yake ni ya kweli. Kila mbwa ale chumba chake, alale mahali pake pasipoguswa na mwingine. Nell asitolewe nje kwa sababu Pip ameingia ndani, maana hapo atajifunza kwamba Pip ndiye anayemfukuza. Afanyiwe kinyume chake: Pip akitokea, Nell apewe kipande cha nyama, mpaka kumwona Pip kuwe habari njema. Clem awe na saa yake na Nell peke yao, kila siku, bila kukosa. Na Nell asipapaswe anapojisukuma. Apapaswe anapotulia.

La mwisho alilirudia, Merle aliniambia. Alisema wasimnyamazishe anaponguruma. Ile ni njia yake ya kusema kwamba amefika mwisho wa uvumilivu. Wakisikia, wamsogeze Pip, wampe nafasi, basi.

Clem aliyafuata yote kwa uaminifu wa mtu aliyezoea kazi za kila siku. Nilimwona asubuhi akitembea na Nell kando ya reli ya zamani, wawili tu, akichechemea. Nilimwona akikata moyo wa kondoo vipande vidogo kwa kisu cha mfukoni na kuvitia kwenye kopo la tumbaku, ili viwe tayari Pip anapoingia. Na ilianza kufaa. Merle alisema Nell sasa akimwona Pip mlangoni anageuka kwanza kuangalia kopo.

Ila hilo la mwisho Clem hakuliweza.

Ili kumwelewa ni lazima ujue alikolelewa. Shambani, msimu wa kukata manyoya, kibanda hujaa watu wasiojuana, na watoto wao hupita katikati ya mbwa. Mbwa atakayemngurumia mtu hapo humpa aibu mwenye mbwa kuliko mwana mlevi. Hukemewa mara moja, na asipoacha, hafiki msimu mwingine. Na mbwa akiuma mtu, mwenye mbwa hampeleki kwa daktari, wala hamgawi kwa mwingine, wala halali usingizi kwanza. Huchukua bunduki siku ileile na kwenda naye mwenyewe. Watu wa huku humpima mtu kwa hilo. Baba yake Clem alifanya hivyo Clem akiwa bado anavaa kaptula, kisha akakaa mezani, akala viazi vyake vyote, na hakuna aliyezungumza.

Kwa hiyo Nell aliponguruma, Clem alisema neno lake moja la malishoni, "Acha," kwa sauti ya chini ambayo mbwa yule alikuwa ameitii maisha yake yote. Akirudia, alitolewa nje kwenye saruji na kufungwa mnyororo. Merle alimpinga. Nilikuwa jikoni kwao siku hiyo nimerudisha bakuli.

"Clem, daktari alisema tumwache angurume."

"Daktari ni mtoto mzuri. Lakini hajasimama zizini watoto wanapita kati ya mbwa. Mbwa wa kunguruma mwisho wake ni kaburi, Merle. Mimi namwokoa."

"Na tutajuaje ana nini moyoni?"

"Akikomeshwa, moyoni hakubaki kitu."

Merle akanigeukia mimi. "Wanaume wa Polgarra," akasema, "wamewahi kukomeshwa hivyo pia. Ndiyo maana wote wana vidonda vya tumbo."

Clem akacheka hadi akashika nyonga.

Nell alikuwa mbwa mwerevu, kuliko wengi niliowaona. Haikuchukua muda akaacha kunguruma kabisa. Clem alilitangaza jambo hilo klabuni kwa fahari ambayo hakuwa nayo hata alipouza sufu bora wilayani. Alisema nyumba sasa imetulia kama kanisa siku ya Jumatatu. Aliacha kubeba lile kopo, maana aliona halina kazi tena. Matembezi ya reli nayo yakaanza kuruka siku, hasa asubuhi za baridi, nyonga ikimuuma na Merle akimwomba abaki kitandani.

Mimi niliona kitu fulani nikitazama juu ya ua, na sikukipenda. Pip alipita karibu na Nell uani, akinusanusa. Nell alikuwa anahema mdomo wazi, ulimi nje. Pip alipofika, mdomo ukafungwa. Mwili wote ukawa mgumu kama ubao, na weupe wa jicho ukaonekana upande mmoja. Pip akapita. Mdomo ukafunguka tena. Nilimwambia Merle, akaniambia ameona hivyohivyo, jikoni na kwenye korido.

"Heri angenguruma," akasema.

Ilitokea Jumapili mchana, mwishoni mwa mwezi wa nane. Clem alikuwa kwenye kochi akiangalia mpira, Nell sakafuni karibu na miguu yake. Merle alitoka jikoni na sahani ya keki mkono mmoja, Pip kwenye mkono mwingine. Walikuwa na furaha siku hiyo; asubuhi Merle alikuwa amemwambia Clem kwamba anafikiria kumwita dalali aje kuiangalia nyumba ya Rosenau. Aliinama amweke Pip mapajani mwa Clem.

Hakukuwa na sauti yoyote. Merle alisisitiza hilo baadaye, njia nzima tukienda hospitali, kana kwamba ndilo jambo baya kuliko yote. Nell aliinuka kimya na kumkamata Pip begani kwa meno, na mkono wa Merle ulipoingia kati, akaukamata huo.

Nikiwa kwetu nilisikia sahani ikivunjika na nikamsikia Pip akilia. Nilipoingia, Clem alikuwa amemshika Nell shingoni, uso wake mweupe kama chokaa, na Nell alikuwa ametulia kabisa, amelegea, akimtazama yeye tu. Merle alikuwa amezungushia mkono taulo la vyombo na taulo limeshalowa.

Niliwapakia Merle na Pip garini. Clem alisimama mlangoni. Merle alimwambia kupitia dirishani amfunge Nell uani, watazungumza kesho, na Clem akaitikia kwa kichwa.

Tulimwacha Pip kwa Daktari Sorrell, ambaye alimfungulia zahanati yake ya wilayani ingawa ilikuwa Jumapili, kisha tukaenda hospitali. Mkono ulishonwa, na Merle akalazwa kwa sababu ya msuli uliochanika. Pip alinusurika. Asubuhi nilimfuata Merle, tukapita kumchukua Pip, na daktari akazungumza naye muda mrefu. Merle alitoka mle akiwa amechoka lakini amenyooka. Alinieleza njiani. Itachukua miezi, alisema. Nell atavishwa kikapu cha waya mdomoni wakiwa pamoja, na wasipokuwa pamoja patakuwa na kigeti kati ya jikoni na korido. Nyama inarudi, matembezi yanarudi. Na safari hii Clem atajifunza kusikia.

"Naye ni mwanafunzi mgumu," nikasema.

"Mbwa mzee ameweza," Merle akanijibu. "Yeye ana visingizio gani?"

Tulisimama dukani, akanunua kigeti cha waya cha kubana kwenye mlango. Mkono mmoja ukiwa kwenye bandeji, alikijaribu palepale, anafungua, anafunga, mpaka mwenye duka akatabasamu.

Kumbe yote yalikuwa yamekwisha. Kel Hocking alinisimulia baadaye. Jana yake, jua likiwa bado halijazama, aliiona pikapu ya Clem ikiingia kwenye shamba lililokuwa lake, Nell amekaa mbele, kwenye kiti cha abiria, jambo ambalo hakuwahi kuruhusiwa. Kel aliona bunduki nyuma ya kiti. Akafungua geti.

"Unataka koleo la kuchimbia?" alimuuliza.

"Ninalo," Clem akasema.

Kel alisema Nell alishuka garini kwa furaha, akakimbia kuzunguka kondoo wa mbali, akarudi alipoitwa. Zaidi ya hapo hakunisimulia, nami sikuuliza.

Nilibeba kigeti mpaka jikoni, Merle akiwa mbele na Pip kifuani. Clem alikuwa mezani amevaa shati safi. Kochi alikuwa amelisugua, vipande vya sahani havikuwepo. Alisimama akamvutia Merle kiti.

"Nell yuko wapi?" Merle akauliza. "Kule nyuma sikumwona."

"Nimeshamaliza. Jana. Kel alinipa nafasi karibu na zizi la zamani."

Nilikilaza kigeti ukutani. Nilitaka kuondoka lakini Merle alikuwa amesimama kwenye njia.

"Sikukuomba," akasema.

"Najua. Nisingengoja mpaka uniombe." Sauti yake haikuwa imara. "Mwanamke hapaswi kuomba jambo kama hilo. Nilitaka ukirudi ukute nyumba ni salama. Nilitaka ujue nimechagua nini."

Merle aliketi. Alimpapasa Pip upande usio na nyuzi. Hakulia, na sikumwona akikasirika, na nadhani Clem alianza kuogopa hapo.

"Alikuwa anatuambia, Clem. Kila siku alituambia. Ukamfundisha kunyamaza, akajifunza, kwa sababu alikupenda. Kisha ukamuua kwa kuwa hakusema."

"Alikuuma."

"Ndiyo, aliniuma. Mimi ndiye niliyeumwa, na nilikuwa nimenunua geti." Akauweka mkono wenye bandeji mezani. "Mimi pia nanguruma, mzee wangu. Huwa nanuna, nasema maneno makali, mume wangu alinizoea. Siwezi kukaa nikijiuliza utanifundisha nini."

Clem alitazama mikono yake iliyolala mezani, mikubwa, safi, kucha zimesuguliwa, kama mikono ya mtu mwingine aliyoazimwa.

Merle aliondoka wiki hiyohiyo. Kwa Kel walikuwa wameanza kukata manyoya, na upepo ulileta milio ya kondoo mpaka mtaani kwetu. Clem alibeba masanduku yote ya Merle, hakukubali nimsaidie, akamfunga Pip mkanda kwenye kiti cha mbele. Pip alimlamba kifundo cha mkono. Clem alikaa ameinama pale dirishani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ndipo akafunga mlango.

Klabuni hakuna aliyemlaumu. Kila mmoja alimwambia, kwa njia yake, kwamba amefanya lililompasa mwanamume, wakamnunulia bia. Aliacha kwenda. Kel alimletea kitoto cha kelpi cha ukoo mzuri. Alikitazama tu, akamshukuru, akamwambia akirudishe kwa mama yake.

Merle alikuwa akimpigia simu Jumapili, baada ya ibada ya Rosenau. Hilo halikukoma mpaka Clem alipofariki, miaka mitatu baadaye. Jumapili asubuhi alinyoa ndevu, akavaa shati safi, akakaa karibu na simu kabla ya wakati. Madirisha yetu yako karibu, na kiangazi hukaa wazi. Aghalabu zilikuwa habari za mvua, bei za sufu, mguu wa Pip. Lakini mara moja nilisikia mazungumzo yakikatika, kisha sauti yake ikatoka polepole, kwa adabu ya mtu anayebisha hodi.

"Sema tu, Merle," alisema. "Hata kama ni baya. Nasikiliza."

Akakaa kimya muda mrefu, simu sikioni, uso ukutani. Sijui aliambiwa nini. Merle hakurudi Polgarra ila siku ya mazishi, akakaa safu ya nyuma, na akaondoka kabla ya chai.